Bi Mkurugenzi na Vita vya Dakika Kumi

Tulieni, enyi mliokaa vitini na enyi mlioegemea ukuta! Zimeni simu zenu, mezeni mlichokuwa mkitafuna, mtege masikio, maana leo yanasimuliwa makuu: jinsi Bi Mkurugenzi, bingwa wa majukwaa, mwenye vinywa arobaini, alivyonyamaza kwa dakika kumi kamili, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Msigune. Mnaoguna hamumjui.

Huyu ndiye aliyeasisi asasi ya michezo ya vikaragosi na kuiongoza miaka kumi na tisa. Vikaragosi vyake vya mbao vilikuwa arobaini, na vyote vilisema kwa sauti yake: simba, malkia, mwizi wa kuku, hata kobe. Mazoea hayo ya kuwasemea wasio na ulimi yakamfuata hadi ofisini. Karani akianza sentensi, yeye aliimaliza. Mpiga ngoma akiuliza swali, alijibiwa kabla hajafika katikati. Watu walimpenda sana, na waliondoka mmoja mmoja. Mwaka ule pekee watatu waliacha kazi, na wote waliaga kwa barua, kwa kuwa kuaga kwa mdomo hakukuwezekana.

Ikawa viongozi wa asasi za sanaa wakaitwa mafunzoni kwa siku tatu: wa kwaya, wa makumbusho, wa maktaba ya watoto, vitambulisho vikining'inia shingoni mithili ya nishani za vita. Siku mbili za kwanza Bi Mkurugenzi alizishinda bila kutoka jasho, maana zilikuwa siku za kuzungumza. Siku ya tatu Mkufunzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ya upole iliyoogopwa na wote, akasimama kando ya bango la karatasi, akanena:

"Enyi wakuu! Mmejifunza kupanga, mmejifunza kuomba ufadhili, mmejifunza kuishi na bodi zenu. Leo ipo kazi iliyowashinda wengi kuliko hizo zote. Kila mmoja wenu amekuja na mtu anayefanya naye kazi. Mtu huyo atasema kwa dakika kumi, nawe utasikiliza. Hutajibu, hutajitetea, hutammalizia sentensi. Na 'mmh' nayo nitaihesabu kuwa neno!"

Mkuu wa makumbusho akalegeza tai yake.

Bi Mkurugenzi alikuja na Fundi, mdogo wa mumewe, ambaye kwa mikono yake alivichonga vikaragosi vyote arobaini. Walipoketi uso kwa uso, shujaa wetu akaona kitu kilichomkata maini: katika mfuko wa shati la Fundi ilichungulia bahasha nyeupe. Alizijua bahasha hizo. Hii ilikuwa ya nne, na Fundi akiondoka asasi ingebaki kibao cha mlangoni tu.

"Shemeji," alimwahi, "kabla hujaanza, ngoja kwanza nikueleze..."

"Saa imeanza," akasema Mkufunzi.

Naam, hapo vita vikapigwa! Dakika ya kwanza Fundi alikohoa, akatazama viatu vyake. Dakika ya pili akasema, "Shemeji, lile sanduku la vikaragosi linaingiza maji," na majibu saba yakajipanga nyuma ya meno ya shujaa, mikuki mkononi, kila moja likidai kutangulia. Akayazuia yote. Dakika ya tatu Fundi akasema, "Na ule mchezo wa mvua, unaowaambia wageni kwamba uliuota usingizini. Nilikusimulia mimi. Tulikuwa tunapaka rangi, umesahau tu."

Lahaula! Ngome ikatikisika, midomo ikaachana. Bi Mkurugenzi akainyakua chupa ya maji mezani, akapiga funda moja kubwa, na badala ya kulimeza akalifungia mdomoni. Oneni hila za mabingwa! Mashavu yalivimba, macho yalimtoka, lakini neno halikupita. Mkufunzi aliona, akapekua karatasi zake. Hakuna kanuni iliyokataza maji.

Kumbe adui mkubwa alikuwa bado. Dakika ya tano Fundi akanyamaza kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kunyamaza mbele ya Bi Mkurugenzi akaachwa hivyo hivyo. Feni ilizunguka darini. Meza ya pili mkuu wa kwaya alikwisha kushindwa, akijitetea kwa sauti ya kwanza na ya pili. Shujaa wetu akakamata kiti kwa mikono miwili, maji yakipata joto mdomoni, na kwa kukosa la kufanya akamtazama shemeji yake usoni. Nyusi zake zilikuwa zimeota mvi, na yeye hakujua zimeota lini.

"Nimepata kazi kwenye karakana ya samani," Fundi akasema hatimaye. "Vitanda, makabati. Si kwamba nayapenda hayo makabati. Lakini kabati halina mdomo, shemeji. Mimi nachonga mdomo wiki nzima, naupaka rangi, nautia kamba ufunguke, halafu nakukabidhi wewe. Miaka kumi na tisa. Sijawahi kuusemea hata mmoja. Nilimtaka Kobe tu, basi. Nyumbani huwa namwigiza mbele ya wanangu. Wewe unamfanya awe na haraka mno."

Maji yakashuka kooni kwa kishindo. Sasa bingwa alikuwa hana ngao, na dakika mbili zilikuwa zimesalia. Maneno yote yalikuwa huru kutoka: si ungesema, mbona hukusema, nani alikukataza. Hilo la mwisho ndilo lililomziba, maana jibu lake alilijua. Aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda hadi masikioni, naye akakaa nayo kimya.

Fundi alingoja akatizwe. Hakukatizwa. Akashangaa, akapata moyo, akauinua mkono wake mtupu, akafanya vidole kuwa kinywa, na kwa sauti nzito, ya taratibu, akasema: "Mimi... nitafika." Akatua. "Mkinisubiri."

Saa ya Mkufunzi ikalia. Dakika kumi! Meza zote zikageuka, wakuu wakasogeza viti kuipokea hotuba ya ushindi, kwani ilikuwa lazima iwepo na ilikuwa lazima iwe ndefu. Bi Mkurugenzi akavuta pumzi.

"Endelea," akasema.

Na Fundi akaendelea, mpaka chai ikapoa, mpaka wahudumu wakaja kukunja vitambaa vya meza. Bahasha haikutoka mfukoni.

Basi na wachore tarehe ile ukutani wote waongozao sanaa, na wafadhili waiweke kwenye ripoti zao! Jumamosi iliyofuata, mbele ya watoto themanini, Kobe alipanda jukwaani, akasema neno moja, kisha akatua kwa muda ambao kobe wa asasi ile hakuwahi kuruhusiwa. Nyuma ya pazia Bi Mkurugenzi, mtiisha ulimi, mshindi wa dakika kumi, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akilingoja neno la pili pamoja na watoto.

Likaja.