Kamati ya Kutompunguza Mkurugenzi

Ofisi ina heshima kubwa kuutangazia umma, pamoja na wale wanaosubiri nje tangu asubuhi, kwamba zoezi la kutuma video ya Mkurugenzi limekamilika kwa mafanikio ya asilimia tatu. Mimi, Katibu wa Kamati iliyolisimamia, nimeona nieleze lilivyokwenda kabla watu wa korido hawajalieleza kwa midomo yao.

Makao makuu yaliandika barua. Kila mkuu wa ofisi ajirekodi kwa dakika mbili, aseme ofisi yake ina tatizo gani na atalimaliza vipi. Video ifike kwenye tovuti yao kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, isizidi megabaiti hamsini. Asiyetuma atapoteza kiti. Mkurugenzi wetu anakipenda kiti chake. Kinazunguka, kinalala nyuma, na alikichagua mwenyewe.

Alijirekodi kwa dakika arobaini, maana mbili zilitosha vyeo tu. Tatizo kuu la ofisi alilitaja kuwa ni wananchi. Kisha fundi wa video akafungua lile dirisha la kompyuta ambamo mtu huchagua faili litoke na ukubwa gani, na hapo ndipo mambo yakaharibika.

"Mkuu, nikikata zibaki dakika mbili na kupunguza data, linaingia vizuri," fundi alisema. "Macho hayataona tofauti."

"Macho ya nani?"

"Ya kila mtu, mkuu."

"Mimi si kila mtu," Mkurugenzi akasema. "Aliyekaimu hapa kabla yangu alitumwa kwa megabaiti mia tatu. Kaimu! Leo mimi kamili nitumwe kwa hamsini?"

Hoja ilikuwa nzito. Tuliunda Kamati siku hiyo hiyo, na ikakaa siku tatu, chai ikiwemo. Tuliazimia kwamba data ya kila mtumishi ilingane na cheo chake: walinzi watoke na ukungu kidogo, wahasibu waonekane hadi vifungo, na Mkurugenzi asipunguzwe popote, mwilini wala kwenye fenicha. Fundi alipopendekeza fremu, yaani picha, thelathini kwa sekunde, mmoja wetu akataka sitini. Mjumbe wa Utumishi akapinga vikali, kwa sababu sitini ni umri wa kustaafu na makao makuu wangeweza kupata mawazo. Tukapitisha hamsini na tisa. Fundi alishika kichwa. Tuliandika kwenye kumbukumbu kwamba ameafiki.

Ilibaki kujaribu mitambo. Fundi aliomba Mkurugenzi akae mbele ya kamera dakika mbili, ili atoe faili dogo la majaribio.

"Kwanza mpunguzeni mwingine," Mkurugenzi akasema, "tuone kinachompata."

Tukamwita Mama Birika. Huyu ni mhudumu wetu wa chai, na kwa miaka kumi na moja ndiye amekuwa akimshikia Mkurugenzi nafasi kwenye foleni, benki, hospitali, hata kwa kinyozi. Mkurugenzi hutokea zamu ikifika. Kwa uzoefu huo alifaa kabisa. Tukamkalisha kwenye kile kiti, tukamwambia aseme lolote.

"Lolote?" akauliza.

"Lolote, mama. Hakuna atakayesikiliza."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Basi mimi nitasema la dirisha namba tatu. Lilifungwa kitasa kilipovunjika, mwaka wa nne huu. Watu wanajipanga dirisha moja, wengine wana watoto mgongoni, jioni wanaambiwa rudini kesho. Kitasa kipya kililetwa. Kiko kwenye droo hiyo hapo, nakiona nikifuta vumbi. Inatakiwa bisibisi tu, na mtu wa kukaa pale. Hata leo inawezekana."

Hatukusikiliza, kama tulivyoahidi. Tulikuwa tukikagua kama kupunguzwa kumeyakatakata masikio yake kingo. Faili lilitoka na megabaiti arobaini na nane, na masikio yalikuwa safi.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulianza kutuma faili la Mkurugenzi, gigabaiti arobaini na moja. Saa sita kasoro dakika tisa fundi akageuka.

"Katibu, iko asilimia tatu. Na tovuti yenyewe haitalipokea."

Mkurugenzi alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, nikiri, na nikajionea mwenyewe pia, maana Katibu huondoka na bosi wake. Ndipo nikatoa ushauri ambao hadi leo nauona wa busara.

"Mkuu, tutume hili la Mama Birika. Lishike nafasi tu. Lako dereva atalipeleka kwa mkono."

"Eeh," Mkurugenzi akapumua. "Anishikie kama kawaida. Yeye amezoea."

Kwenye fomu, palipoandikwa "aliye kwenye video ndiye mkuu wa ofisi", Mkurugenzi akatia saini. Faili likafika kwa sekunde arobaini.

Jumatatu barua ikaja. Nainukuu kwa kuwa nililazimika kuisoma kwa sauti: "Tumemtazama mkuu wenu. Kati ya wakuu wote, ni yeye peke yake anayejua tatizo liko wapi na dawa yake iko droo gani. Aendelee kukalia kiti hicho. Faili lililoletwa na dereva lilifunguka picha moja, ya bwana mmoja aliyefumba macho. Kama ni mtumishi wenu, atafutiwe kazi inayomfaa."

Mama Birika aliisikiliza hadi mwisho, akaomba bisibisi. Saa nne dirisha namba tatu lilikuwa wazi. Mimi nimebaki Katibu, na birika sasa liko chini ya idara yangu.

Jana Mkurugenzi wa zamani alikuja kuchukua barua yake ya uhamisho. Foleni ilikuwa fupi, watu sita, lakini hakujua pa kusimama. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa kumshikia nafasi. Nilimweleza kwamba huduma hiyo imesitishwa, kwa kuwa mhusika yuko kwenye kikao.