Ordinatere Imemeza Ndoa ya Watu

Siku ya kwanza, tarehe 4 mwezi wa sita

Honoré, wewe mukwe wangu, mutu mwenye akili ananunua mashini inayomeza vitu vya watu na haitapiki? Uko Bunagana kwenye kazi ya duane, unatoza ushuru mupakani, unakula nyama ya mbuzi, na huku ordinatere yako uliyotuachia, hiyo kompyuta, inaniaibisha.

Mama Jolie, jirani yetu, amesema mbele ya wamama wa parokia kwamba kwenye video ya ndoa ya binti yake mimi sionekani hata kidogo. Mimi! Niliyecheza mupaka kiatu kikakatika! Basi leo, alipokwenda soko la Birere kununua makala ya kupikia, niliingia kwake nikachukua diski juu ya kabati. Sikuiba. Nilikopa, ila hakukuwa mutu wa kuomba.

Umeme wetu unakuja na kukimbia. Nani ana wakati wa kutazama diski moja moja? Nikapanga mbili juu ya ulimi wa mashini, ya ndoa chini, ya yubile yangu juu, kama sahani. Ulimi ukaingia. Krr. Krr. Kimya. Nikabonyeza kifungo. Wapi!

Binti yangu Marie-Louise akasema mashini inabeba moja tu. Nikamuuliza kama sufuria haipiki maharagi na vitunguu pamoja.

Siku ya pili, tarehe 5

Nimepaka mawese kwenye mudomo wa mashini. Kitu kikavu hakitoki, kila muzalisha wa wamama anajua. Halafu kisu. Kisu kimepinda.

Chini ya mudomo kuna katundu kadogo, kama jicho la sindano. Kumbe! Baridi inapita hapo, ndiyo maana taya zimekaza. Nimekaziba na sabuni. Masomo niliacha mwaka wa tatu, na tazama.

Siku ya ine, tarehe 7

Mambo yameharibika. Siku ya posho, Jumamosi hii, Masika anafika kutoka Butembo, mama ya bwana arusi. Siku ya ndoa alikuwa amelazwa hospitali, hakumwona mutoto wake akioa. Anakuja njia yote hiyo kwa ajili ya video. Na mupiga picha amehamia Kampala, diski ni hiyo moja tu. Mama Jolie analia.

Nilikwenda kumusaidia kutafuta. Niliinua magodoro. Nilimukemea: mutu mzima hajui vitu vyake viko wapi! Nilitafuta kwa bidii kumupita. Nikapata hata sahani yangu ya mwaka jana, nikaichukua. Akanishika mukono, akasema, "Mama Donat, bila wewe ningefanya nini?"

Nikakohoa.

Nyumbani tuligeuza mashini kichwa chini, mimi na Marie-Louise, tukaitikisa kama mutoto aliyemeza kifungo. Ilitoka mende.

Siku ya posho, tarehe 9

Akili mupya! Kama diski haitoki nyumbani kwangu, wageni waingie. Nikamwambia Mama Jolie kwamba diski imepatikana, imekwisha kuwekwa ndani ya mashini yangu, alete watu, lituma yangu ya ndizi za kuponda imeiva. Akauliza imepatikana wapi. Nikajibu karibu sana.

Wakaja. Umeme ukaja. Mashini: krr.

Masika ni mama murefu, anauza maharagi kwa malori. Akainama, akanusa mawese, akakwaruza sabuni yangu bila ruhusa. Akasema mashini yake ya dukani nayo ilimeza diski. Akachomoa pini ya nywele, akainyoosha, akaichoma ndani ya katundu. Ulimi ukatoka pole pole. Diski mbili, zinang'aa mafuta.

Mama Jolie alitambua yake.

"Ulitafuta mupaka chini ya kitanda changu," akasema.

Nikapakua lituma.

Masika akapangusa diski na kitenge chake, akarudisha ile moja. Picha! Ndoa! Na mimi! Mimi tu! Mugongo wangu umejaa kioo kizima, kutoka mulango wa kanisa mupaka ukumbi wa karamu. Kitenge kilinikaa vizuri ajabu. Masika akainama kushoto, akainama kulia, kama vile angeweza kuchungulia nyuma yangu.

"Huyu ni mama gani ananifichia mutoto?"

"Ndiye huyo mwizi wa diski," akajibu Mama Jolie.

Masika alicheka mupaka kilemba kikaanguka. Mama Jolie alikaza uso, akashindwa, akacheka naye. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Halafu kwenye video kiatu changu kikakatika. Nikainama kukiokota. Na nyuma yangu, huyo! Bwana arusi, anamulisha Jolie keki, anacheka na meno yote. Masika akasogea karibu na kioo. Machozi yakashuka. Akaomba turudishe pale kiatu kinapokatika. Tukarudisha, na tena, na tena, mupaka umeme ukaondoka.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Nimefikiri misa nzima, hata mahubiri sikusikia. Mashini ilifunguka kwa sababu ya mawese. Masika alimalizia tu kazi yangu. Na uso wangu bado haujaonekana, kosa la mupiga picha.

Lakini kwenye ubatizo wa mujukuu wa Mama Aksanti wa parokia nilikaa mbele, nikitazama kamera bila kupepesa.

Honoré, ngoja nimutume binti: Marie-Louise, acha kusonga nywele. Ziba kale katundu, baridi imerudi. Halafu pita kwa Mama Aksanti akiwa kwenye korali, chukua diski ya ubatizo, na ya komunyo iliyo pembeni yake. Ya yubile ninayo hapa. Zikae zote tatu, umeme hautungoji. Na uongeze mawese.