Mtu Mwenye Saa ya Kweli

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya aibu. Mke wangu amebandika karatasi kwenye kioo cha kibanda changu cha saa. Kisa? Lile jokofu. Ujumbe ulisema nimeshinda jokofu, nitangulize gharama ya kulisafirisha. Nikatanguliza. Wakasema limekwama njiani, niongeze. Nikaongeza. Hadi leo jokofu liko njiani. Mimi bado nina matumaini kidogo, ila nyumbani siruhusiwi kulitaja.

Karatasi ameiandika kwa ule mwandiko wake wa duka la dawa, wa kutwa mara tatu. Anayekuharakisha, mkimbie. Ukiambiwa usimwambie mtu, waambie watu wote. Usiyejua anakokaa, usimpe kitu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: NIULIZE MIMI KWANZA. Imetazama nje, kwa wateja. Nilipokaa mimi naona mgongo wake mweupe tu.

Gundi, fundi viatu wa kibanda cha pili, ameisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili alisimama kabisa. Nimemwambia ashone viatu.

Jioni mama mkwe kaniletea saa ya marehemu baba mkwe, ile ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Imesimama tangu mwezi uliopita. Anasema huiweka chini ya mto, na bila mlio wake hapati usingizi. Ataifuata Jumamosi. Akanishika mkono akaniambia, mwanangu, hii ndiyo sauti yake iliyobaki. Nimemwahidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifungua. Mashine tamu! Nikasafisha, nikatia mafuta, nikachora alama yangu kwa sindano ndani ya kifuniko: samaki mdogo. Kila fundi saa ana alama yake. Mteja haioni, ila fundi atakayeifungua baadaye ataiona. Ikaanza kutembea. Nikapiga mluzi.

Baada ya kuifunga nikakuta skrubu moja imebaki mezani. Haijulikani ilikuwa wapi. Lakini saa inatembea, basi skrubu hiyo haikuwa na kazi. Nimeitia kwenye kopo.

Halafu wazo likanijia! Watu wanasimama kusoma karatasi, wakimaliza wanakwenda kwa Gundi kushonesha viatu. Nimeweka kibao juu yake: MTAALAMU WA KUTAMBUA MATAPELI. USHAURI BURE KWA MWENYE SAA. Nani anawajua matapeli kunishinda mimi? Nimekutana nao wengi kuliko polisi.

Saa nane akaja mama muuza vitambaa, simu mkononi. Mtu amempigia anadai ni wa benki, anataka namba ya siri. Nikamwambia benki haikuulizi namba yako ya siri hata siku moja, akate simu. Akakata. Akanishukuru mbele ya Gundi! Gundi akashona viatu robo saa nzima bila kuinua kichwa. Nalala nikitabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepata mgeni mkubwa. Suti, faili, viatu vinang'aa. Nitamwita Mheshimiwa. Lakini mimi sikutazama viatu, nilitazama mkono. Alikuwa na saa ya kweli! Nikaomba kuiona, akaivua bila wasiwasi. Nikaifungua: kila kipande cha asili, haina hata vumbi. Na inakwenda sawa na saa yangu ya ukutani, sekunde kwa sekunde. Miaka kumi na minane nafungua saa za watu. Mwenye saa bandia huficha mkono. Mtu anayetunza saa ya kweli namna hii hawezi kuwa mwongo. Haiwezekani.

Anatoka Baraza la Kulinda Wanunuzi. Wamesikia habari za kibao changu. (Kibao cha jana tu! Sifa zina miguu.) Wanataka niwe mjumbe wao, nipewe cheti na beji. Kamati inakaa leo saa sita. Inahitaji kuona kazi moja tu ya mkono wangu, iliyo bora kuliko zote, kesho inarudi. Akasema tufanye haraka, mwenyekiti anasafiri. Akasema pia nisimwambie mtu, kwa sababu ya wenye wivu, na hapo akamtupia Gundi jicho. Yaani amemjua Gundi kwa kumtazama mara moja! Mtu mwenye akili.

Nikampa saa ya baba mkwe. Nilifikiria kumpigia mke wangu, lakini yuko kazini, sikutaka kumsumbua. Wakati wote tunaongea Mheshimiwa alikuwa ameegemea ile karatasi ya mke wangu.

Beji nitaivaa upande wa Gundi.

Alhamisi, 6 Machi

Hajaja. Labda kamati imechelewa.

Nimempigia, simu haipatikani. Labda chaji.

Gundi kaniuliza yule bwana wa jana alibeba nini mfukoni. Nikamwambia ni mambo ya kiofisi. Akaniuliza ofisi hiyo iko wapi. Nikamwambia ashone viatu. Sauti yangu haikutoka vizuri.

Jioni nimempigia mara kumi na moja. Nimekumbuka sikuuliza anakokaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili Gundi halisomi. Sikulilia suti wala cheti. Namlilia yule mama, analala na mto usio na sauti, na mimi ndiye niliyemwahidi.

Mchana nikatunga mpango. Nina saa moja kuukuu ya umbo lile lile. Nikaisugua kwa msasa, mkanda nikauloweka kwenye chai ya rangi mpaka ukapata uzee. Ukiitazama kwa mbali ni yenyewe hasa! Nikaiweka sikioni. Inalia kama panya anayeguguna boksi. Labda mama mkwe masikio yamepungua nguvu.

Halafu nikaona nilichoshika. Kitu bandia, nimekitengeneza mwenyewe, nimpe mjane aamini ni mumewe. Mimi ndiye mtu wa jokofu sasa. Lakini mpango mwingine sina, na kesho ni kesho. Nimeifunga kwenye leso.

Jumamosi, 8 Machi

Siamini. Naandika polepole.

Saa mbili asubuhi, kabla sijapanga meza, kaja mwalimu wa hesabu wa shule ya hapa jirani. Amenunua saa juzi, njiani, kwa bwana mmoja wa suti. Bwana alikuwa na haraka, akamwomba asimwambie mtu. Jana saa ikasimama. Ameona kibao changu, anataka kujua kama ametapeliwa. Nikaipokea, nikafungua kifuniko.

Samaki!

Nikaenda kwenye kopo, nikatoa skrubu ya Jumanne. Ikaingia mahali pake, saa ikaanza kulia. Kumbe ilikuwa na kazi! Ningeifunga vizuri siku ile, saa ingetembea vizuri mkononi mwa mwalimu, nami nisingeiona tena. Uzembe wangu umenifaa kwa mara ya kwanza maishani.

Sasa, wazo lilinijia, sifichi: nimwambie mwalimu ni bandia, aniachie kama chakavu. Nilishafungua kinywa. Nikaiona ile leso mezani. Nikamweleza ukweli wote, tangu Mheshimiwa mpaka chai ya rangi. Alinisikiliza kama anayesahihisha mtihani mbovu. Mwishowe akasema ananionea huruma, lakini hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Ni haki yake. Nikavua saa yangu mwenyewe, aliyoniachia fundi aliyenifundisha kazi, nikamvalisha. Ilimkaa vizuri. Nikatazama pembeni.

Saa tatu mama mkwe akafika na mke wangu. Akaiweka saa sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema, ndiye. Mimi nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Mke wangu akautazama mkono wangu, pale ngozi ilipobaki nyeupe. Gundi akafungua kinywa. Mke wangu akamgeukia. Gundi akakifunga.

Nyumbani aliniuliza, nikasema yote. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akafuta machozi na sijui yalikuwa ya nini. Akaniambia nilimtendea mwalimu vizuri. Akachukua karatasi nyingine.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi mpya imetazama ndani, mbele ya pua yangu. NIULIZE MIMI KWANZA. Nyuma yake Gundi haoni kitu, anaumia.

Mimi si yule wa wiki iliyopita. Nimefundishwa na dunia. Sasa hata mtu awe na saa ya kweli, nauliza maswali.

Saa nne nikapigiwa simu na dada mmoja, sauti ya upole, wa Kitengo cha Kuwarudishia Waliotapeliwa. Anasema mzigo wangu uliokwama njiani umepatikana. Mzigo gani? Akasema jokofu! Sikukurupuka. Nikamuuliza uso kwa uso, kwa njia ya simu, kama yeye ni tapeli. Akakana kabisa, tena nikasikia ameumia. Nikaomba radhi. Saa yake siwezi kuiona, ni kweli, lakini nikampa mtihani: nikamwambia apige tena saa tano kamili. Nikakaa natazama ukutani. Mshale wa sekunde ulipogusa juu tu, simu ikaita. Mwongo hawezi kushika wakati hivyo.

Anataka gharama ya ghala tu, na iwe kabla ya saa sita, kwa sababu ghala linafungwa. Nimeisoma karatasi. Ningemuuliza mke wangu kweli, lakini yuko kazini, sitaki kumsumbua.

Nimekimbia nyumbani mara moja kupima nafasi jikoni. Litaenea.