Mwenyekiti Chini ya Wote

Jumatatu, 4 Machi 2002

Ukungu mpaka dirishani. Kompyuta ya ushirika wetu wa mboga imewaka. Mimi na Rahma tuko kwenye majaribio: Jumamosi mmoja atapewa kiti cha karani, mwingine atarudi kwao kupalilia viazi. Nimetengeneza folda moja, ndani yake kila mwanachama ana faili lenye jina lake, na kompyuta imeyapanga kwa alfabeti.

Mwenyekiti wetu, Mzee Tobia, amekuja kuona. Nikampa shikamoo, na nyingine ya akiba. Akavaa miwani, akashuka jina kwa jina kuanzia Abdallah. Akasema kumbe yeye yuko mwisho kabisa. Akavua miwani, akaondoka.

Nimekwisha. Abdallah kajiunga juzi, hata ndevu hana, na mimi nimemweka juu ya mzee!

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua siri. Ukibonyeza pale juu ya majina, orodha inageuka, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Mzee Tobia kileleni. Nikatulia na chai yangu.

Rahma akaja kuandika kilo za karoti, akabonyeza palepale, mzee akaporomoka. Nikamwuliza kama kwao hawafundishwi adabu. Akajibu kwamba kompyuta haijui shikamoo, na watu wako nje wanasubiri mizani. Majibu ya mtu asiyetaka kazi.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimepanga kwa tarehe. Faili lililoguswa karibuni linakaa juu. Nikafungua la mzee, nikaongeza nukta, nikahifadhi. Akapanda. Rahma akapima viazi vya Mama Jenoveva, mjane mwenye matuta matatu tu, na mama huyo akampita mwenyekiti. Nikaongeza nukta nyingine. Siku nzima hivyo. Faili la mzee sasa limejaa nukta, na bado jioni Abdallah alikuwa juu.

Alhamisi, 7 Machi

Suluhisho. Faili linaweza kufichwa. Halifutwi, halionekani tu. Nimewaficha wote, akabaki Mzee Tobia peke yake kwenye folda. Juu yake hakuna mtu. Najiuliza kwa nini sikuanza na hili.

Ijumaa, 8 Machi

Gari la Dar limefika mapema. Dereva anahofia utelezi wa mteremko wa Soni, anataka majina apakie. Rahma akafungua folda. Jina moja. Akakaa juu ya gunia, akasema kilo za msimu mzima zimepotea na kosa ni lake. Mimi nilijua ziko wapi. Nikaona kiti cha karani kinanisogelea. Nikanyamaza.

Mzee Tobia akainama kwenye kioo, akatazama jina lake muda mrefu. Akauliza wenzake wako wapi. Akasema mwenyekiti wa kabichi zake mwenyewe si mwenyekiti. Kisha akamweleza dereva, ambaye ni mgeni, kwamba hapa mzigo wa mwenyekiti hupakiwa mwisho, baada ya kila mtu kupata nafasi. Gari likijaa, wake unabaki. Ndiyo maana Jumatatu alifurahi: mashine ilimweka mahali pake bila kuambiwa.

Alifurahi! Nami nilihangaika wiki nzima kumtoa hapo.

Nikajifanya nabahatisha, nikawarudisha wote kwa alfabeti. Nikasema ni matatizo ya umeme. Rahma akanitazama vidole. Gari likajaa kabla ya kabichi za mzee. Akazibeba kwa punda kurudi nyumbani, wala hakununa. Kusema kweli, moyo uliniuma. Sijawahi kumwona mkubwa akikosa nafasi kwa hiari yake.

Jumamosi, 9 Machi

Uamuzi umeahirishwa mpaka Jumatatu. Mzee amesema anatafuta karani anayejua mahali pa kukaa. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Nimetafakari sana. Kwa hiyo heshima iko chini. Sawa. Rahma alipokwenda kuswali adhuhuri nikatengeneza faili langu mwenyewe. Kwa jina langu, Alen, ningekaa juu, karibu na Abdallah, kama mtu asiye na unyenyekevu. Nimeliita Zamu ya Alen.

Sasa niko chini ya mwenyekiti mwenyewe. Jumatatu akivaa miwani yake na kushuka mpaka mwisho, pale anapopapenda, atanikuta mimi nimekaa.