Kula ni Haki ya Kila Msomaji

"Umeniandika!" Rebeka alifoka juu ya wigo. "Mwanamke mwenye jino la dhahabu na jogoo kilema, hapa Segese ni nani kama si mimi?"

"Kwani majogoo vilema wamekwisha duniani?" alijibu Zipora, simu mkononi.

"Tena sikasiriki kuandikwa, Mama Hosiana. Nakasirika sehemu ya tisa ya hadithi yako sijatokea kabisa! Nimekufa au vipi?"

Watu walishajaa, maana ugomvi wa majirani hauhitaji tangazo. Kati yao alikuwepo Kalisti, bwana aliyewahi kumuuzia mganga dawa ya mganga mwenyewe. Hakuutazama ugomvi. Aliwatazama watazamaji, kisha akamtazama beberu mnene aliyefungwa mlangoni kwa Zipora.

"Habali za mchana, mwandishi," alisema umati ulipotawanyika. Kalisti alikulia katika kijiji ambako herufi r ni mgeni asiyelazwa. "Hadithi zako mtandaoni zinasomwa na nani?"

"Rebeka," alisema Zipora kwa huzuni. "Na dada yangu, akipata bando."

"Basi nisikilize. Posti kila siku saa ile ile. Kata hadithi panapouma. Jibu kila anayeandika, hata anayetukana. Huyo ndiye anayeludi."

Ushauri ulikuwa mzuri, na hapo ndipo penye hatari: tapeli wa kweli hukufunga kwa kamba ya ukweli. Zipora alimfuata, na wasomaji wakaanza kumiminika, hata wachimbaji wa Rwamgasa wakawa wanashuka maduarani, mashimoni mwao, wakibishana kama binti wa hadithi aolewe na mnunuzi wa dhahabu au mchimbaji.

Ndipo Kalisti akaja na jambo kubwa. "Wasomaji waje kwangu Jumamosi, waamue mwisho wa hadithi. Wakikuona uso kwa uso, hawakuachi tena. Ujila wangu ni bebelu tu."

Beberu yule alikuwa wa kuuzwa ili kitabu kichapwe. Lakini mwandishi aliyeonja wasomaji ni kama mlevi aliyeonja gongo. Zipora akafungua kamba mwenyewe. Jioni Rebeka akaja mbio na umbea wa moto: Kalisti kaagiza mkaa na ndizi, atawauzia wasomaji nyama ya beberu yule yule, mfuko wake ujae.

Zipora alikuwa bado ameduwaa simu ilipolia. Tangazo la Kalisti limefika, tayari kubandikwa:

"Jumamosi wasomaji wote njooni kwa Kalisti, nyuma ya mashine ya kukoboa, tupige kula. Kila msomaji ana kula yake. Kula ni bule!"

Alisoma. Akasoma tena. Akampigia.

"Kaka Kalisti, nisahihishe kidogo?"

"Usiguse! Nimepima kila neno."

"Hata herufi?"

"Hata helufi moja!"

Zipora, mwanamke mtiifu, akabandika kama lilivyo.

Jumamosi walikuja. Walikuja kwa bodaboda kutoka Rwamgasa na kwa basi kutoka Buseresere, wengine na sahani zao, mmoja na pilipili yake kwenye mfuko wa shati. Nyama haijaiva vizuri, mikono tayari.

"Ngojeni!" alilia Kalisti. "Sikusema kula! Nilisema kula!"

"Ndiyo, tunakula!" waliitikia mdomo umejaa.

"Kula! Ya kuchagua!"

"Sisi hatuchagui, kaka, hata utumbo tunakula!"

Zipora alizunguka akisalimia, akipigwa picha, akiandikisha watakaonunua kitabu, huku Rebeka akitabasamu jino lote nje na kuapa kwamba kila neno juu yake ni kweli. Binti wa hadithi aliozwa mchimbaji, kwa kura ya mikono yenye mafuta.

Kalisti aliketi kwenye jiwe nje ya lango lake mwenyewe, ananusa tu.

"Shemeji," Rebeka aliita kutoka ndani, "unakaa nje kama mwizi kwa nini? Supu ya kichwa imebaki."

Zipora akamsogezea kigoda. "Ingia, kaka. Kila mtu ana kula yake, yako bado."