Koili kwenye Mlingoti wa Tetere

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Koili ya redio yangu imekamilika! Waya wa mita ishirini wote nimeuzungusha kwenye bomba la choo, nikalifunga katikati ya mlingoti wa mwanzi ninaompandishia tetere wangu asubuhi aimbe. Juu kabisa, tundu la ndege lenyewe limeunganishwa kama kofia ya antena. Mita sita tu! Nani mwingine hapa mjini Solo angewaza hivyo?

Ua wangu hautoshi kitu kirefu zaidi. Ukilala chali, miguu iko jikoni.

Jirani, Pak Darmanto, mwenye waya mrefu juu ya paa, jana alimsikia kaka yangu Kuncoro. Yuko kambi ya magogo Kalimantan, ng'ambo ya bahari, simu haishiki, ana redio tu. Anatema damu. Mashua ya kumtoa haijaja. Anaomba kitu kimoja: asikie sauti ya Mama.

Darmanto akasema, mlete Mama kwangu jioni hii. Ati mama yangu akaombe kuongea na mwanawe sebuleni kwa watu! Nimemwahidi Mama: Alhamisi, hapa hapa kitandani pake.

Jumanne, 5 Novemba
Nimejaribu baada ya Magharibi. Kuncoro nampata, dhaifu, anakohoa. "Wiryo, Mama yupo?" Nikamjibu yupo. Akauliza tena. Nikapiga kelele yupo! Akauliza tena.

Masikio yake hayakuwa mazuri tangu utoto.

Jumatano, 6 Novemba
Nimeongeza nguvu mara tatu. Taa za sebule zilififia. Lilikuwa jambo la kupendeza.

Tetere amekufa tunduni. Nikamwambia mke wangu, uzee. Lastri akanikumbusha tulimnunua mwezi wa Ramadhani akiwa hajaota hata manyoya ya shingo. Akasema mimi ndiye mwanamume wa kwanza aliyeua ndege kwa maneno.

Kwenye kibanda cha kahawa Darmanto akanivuta pembeni. "Pak Wiryo, bomba lako linapasha mvua joto, basi. Nguvu haitoki. Nusu ya waya tuweke paani kwangu, nusu kwako. Kabla ya chai kupoa tumemaliza." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nikawasimulia watu wote pale nilivyoongea na nahodha wa Kijapani kwa springi ya kitanda, mpaka akanialika harusi ya bintiye. Mwenye kibanda akauliza nilikula nini huko. Watu wanapenda kuharibu hadithi.

Alhamisi, 7 Novemba
Mama alivaa kebaya yake safi, blauzi ya sherehe. Nikamshikisha maiki. Nguvu zote! Bomba likaanza kunuka.

"Kuncoro, mwanangu, ni Mama. Umekula? Usiogope. Ukichoka, lala. Mimi nakuja nyuma yako."

Nikasikiliza. Kuncoro: "Wiryo? Mama yupo? Mbona kimya?"

Nikapunguza sauti haraka. Nikamwambia Mama kwamba Kuncoro amesikia.

Hapo Darmanto akaingia mbio, kalowa. Kumbe waya wa spika za msikiti unapita nyuma ya ukuta wangu. Uchochoro mzima ulimsikia Mama kutoka mnarani! Muuza mishikaki alisimama na koleo mkononi, anafuta macho. Watu walikuwa wamevaa sarong za sala, hakuna aliyesogea. Kila mtu amesikia, Darmanto akasema, isipokuwa Kuncoro. Bado anaita. Akaninong'oneza: "Nambeba mwenyewe, Pak. Nyumba ya pili tu. Sasa hivi!"

Nikasema Mama amechoka. Halafu mvua.

Ijumaa, 8 Novemba
Kambi imemwambia Darmanto. Kuncoro amefariki kabla ya alfajiri.

Watu wamejaa, wameleta wali na tempe ya soya. Wote wanamsifu Mama kwa maneno yake. Nikawauliza: sauti ilikuwa safi? Wakasema safi sana. Basi! Antena haina kosa. Kalimantan iko mbali, sikuiweka mimi.

Darmanto hakuniangalia.

Jumapili, 10 Novemba
Mama ameniuliza Kuncoro alimjibu nini. Nikamwambia alisema, "Mama, nakusikia kama uko ubavuni pangu," na kwamba akauliza fundi gani katengeneza antena kali hivyo. Hiyo ya pili ilinitoka yenyewe.

Mama akaomba apelekwe kwa Pak Darmanto, ati yeye ndiye amweleze mwanawe alisema nini mwisho.

Nikamkatalia. Sasa kosa nimeliona: mita sita zilikuwa nyingi mno! Nakata mwanzi ubaki mita nne, koili naikuza mara mbili. Nimemwambia Mama avumilie mpaka Alhamisi. Safari hii sauti yake itafika mpaka huko Kuncoro aliko.