Wa Kuchinjwa na Wasiochinjwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Salamu kwanza, hata kama daftari ni langu mwenyewe. Mama mkwe hajambo, ila goti. Baba Raiyan hajambo, yuko kazini Matondoni. Harith mchanga hajambo, anaota meno. Raiyan hajambo, ana miaka mitano na hajui linalomngoja. Mimi nasema sijambo.

Mwalimu Nerea kaniita langoni. Alhamisi watoto watapewa picha za wanyama, wazipange kwa makundi, waseme kwa nini. Makundi gani? Sikuuliza. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepita darasa la nne. Wifi yangu Hadil alikuwa nyuma yangu. Akasema Zein wake anawajua wanyama wote, mpaka wa Ulaya, ana chati kutoka Mombasa. Kisha akaniuliza, kwa huruma ya uongo, Raiyan akibakishwa nasari nitafanyaje.

Kubakishwa! Kumbe kuna kubakishwa!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Hadil kuazima pilipili. Si pilipili, ni chati. Nimeiona! Popo kawekwa kundi moja na ng'ombe. Popo anaruka! Na nyangumi naye yuko hapo hapo, na ng'ombe! Nikajua chati imekosewa, Mombasa wanachapa ovyo. Hadil akanikuta nimebandika pua ukutani. Akauliza kama pilipili imeota hapo.

Masikini Zein, anafundishwa upotofu. Sikumwambia mamake. Mungu anisamehe.

Jumatano, 8 Oktoba

Nitamfundisha ninachokijua mimi. Kundi la kwanza, wa kuchinjwa: mbuzi, kuku, ngamia. La pili, halali lakini hawachinjwi: samaki na nzige, kama tulivyosomeshwa madrasa. La tatu, hatuli: paka, kunguru, mbwa. Raiyan kashika upesi, mashallah. Kwa punda tukakwama. Akasema punda ni wa kubeba simiti, akae na mkokoteni. Nikambusu.

Kwa mazoezi nikaleta wanyama wenyewe uani. Kuku wa mama mkwe, mbuzi wa jirani, samaki changu mbichi kwenye beseni. Paka wa kundi la tatu akamla changu wa kundi la pili. Mbuzi akala nusu ya ukurasa huu. Mama mkwe akauliza kunani. Nikasema masomo. Akasema enzi zake masomo hayakunuka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesimama dirishani pa darasa. Mwalimu akaniambia nikae. Nikakaa. Nikasimama tena.

Zein kapanga picha zote kwa pumzi mbili, kama chati. Mwalimu akamuuliza kwa nini popo yuko na ng'ombe. Akaangua kilio, akasema mama hakumwambia kwa nini.

Raiyan kaweka nzige juu ya samaki. Moyo wangu! Mwalimu akauliza sababu.

"Hao hatuwachinji, Mwalimu."

Punda yuko wapi?

"Huyo yuko kazini."

Mwalimu Nerea kacheka mpaka kafuta macho. Nilitaka ardhi inimeze. Akamuuliza, je, kumbikumbi, ambao kwao yeye Mwalimu, Kakamega, wanawakaanga, wakae kundi gani? Raiyan akanigeukia. Sijui! Watu wanakula kumbikumbi!

Baadaye akaniita. Akasema mtoto ana sababu na kashikilia sababu yake, kafaulu. Tena nasari habakishwi mtu. (Hadil!) Akanieleza polepole: popo na nyangumi wananyonyesha, ndiyo maana wako na ng'ombe. Nyangumi ananyonyesha! Nikamtazama Harith kifuani. Kumbe sisi wote.

Akaniomba jambo moja: nyumbani nimwache mtoto acheze, nisimpangie masomo. Nikakubali kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Raiyan kasema wiki ijayo ni mimea.

Hadil ameshaagiza chati. Nami nimeshagawa: ya kutiwa mchuzini na isiyotiwa. Raiyan alikuwa anacheza barazani, nimemwita ndani. Mnazi unatutesa, maana tui linatiwa na makuti hayatiwi. Nimemwandikia dada yangu Aaliya, anayekaa kisiwani Ndau, karatasi naipeleka kwa boti ya saa nane: Dada, niletee tawi la mkoko na mizizi yake, na mwani beseni moja. Na wewe unayekaa karibu nao, niambie, mwani ni mmea au ni samaki? Nijibu upesi, kabla ya Jumatatu.